Ridhaa ya Kudhaniwa

Mimi nakodisha viti. Nakodisha maturubai pia, na mimbari ya mbao yenye kitambaa cha buluu, lakini watu wananijua kwa viti. Nayasema haya mapema asije mtu akadhani nimesoma. Yote nitakayoeleza niliyaona nikiwa nyuma ya shughuli, nimeegemea gari langu, nikisubiri wageni waondoke nikusanye mali yangu. Jina la nchi yetu sitalitaja, na wala siyo kwa woga. Kulitaja hadharani kunahitaji kibali, na changu kiliisha muda wake nikiwa kwenye foleni ya kukihuisha.

Nchi yetu ni tajiri. Wenzetu wana mafuta, wengine wana dhahabu, sisi tuna maprofesa wa sheria. Harusi kwetu hainogi mpaka profesa wa sheria asimame awaeleze maharusi wamejiingiza katika nini hasa. Timu ya taifa ikifungwa, redio haimwiti kocha. Inamwita profesa wa sheria, naye anatufafanulia kwamba lile bao, kimsingi, bado lina mjadala, na tunalala tukiwa na amani. Wauza dagaa wa sokoni kwetu husema "pasipo kuathiri niliyoyasema awali" kabla ya kupunguza bei. Binti akileta mchumba daktari nyumbani, mama yake humvuta jikoni na kumuuliza kwa uchungu kama kweli hakuna mwanasheria hata mmoja aliyemtazama.

Nami kwa viti vyangu naiheshimu hali hiyo. Viti vya mbele, vile vyenye mito, ni vya maprofesa wa sheria. Nyuma yao hukaa maaskofu na masheikh, nyuma yao mawaziri, na nyuma kabisa, penye jua, wenye shughuli yao.

Tuna pia desturi moja ambayo wageni huistaajabia. Mtu aliyefundishwa na profesa, popote atakapomwona, husimama, na haketi mpaka profesa mwenyewe amwambie kaa. Sasa, Profesa Ambakisye Mwalukasa alikuwa amefundisha kila mtu. Alimfundisha Mtukufu Kiongozi, akamfundisha Jaji Mkuu, akawafundisha na wale wapinzani waliokuwa wamehamia ng'ambo kwa sababu za kiafya. Siku moja aliingia kwa kinyozi wetu, na Waziri wa Fedha akainuka kitini na povu kichwani, upande mmoja umenyolewa na mwingine bado, akasimama hivyo hivyo huku Profesa akisoma gazeti. Povu lilikauka. Profesa alipoinua macho akasema, "Oh, kaa, kaa mwanangu," na Waziri akashukuru kwa dhati.

Profesa alikuwa jirani yangu, na alikuwa mtu mwema. Nataka hilo lieleweke. Mwembamba, mpole, sauti yake ndogo kiasi kwamba redio walimletea kipaza sauti chake peke yake. Akiazima viti kwangu alivirudisha vimefutwa. Alikuwa na mke, Mama Sekela, na mtoto mmoja tu, huyo Sekela, aliyezaliwa na pumu. Alipokuwa mdogo na kifua kikimbana, Profesa alimpakata, akamshika mgongo na kumsomea utangulizi wa katiba polepole, akitua kwenye kila nukta, ili mtoto apumue kwa kuzifuata. Tuliokuwa tukipita uani tulisikia: "Sisi, wananchi..." na kitoto kikivuta pumzi. Mpaka leo nikiusikia utangulizi ule nafikiria kile kifua.

Basi ukafika wakati Mtukufu Kiongozi akamaliza muda wake. Katiba ilisema wananchi lazima waulizwe kama wanamtaka tena. Kuwauliza ni kazi kubwa, na tena kuna hatari ya kujibiwa. Wakamwita Profesa Ikulu, wakampa chai, wakamweleza ugumu wao. Profesa alipenda ugumu. Mpe jambo lisilowezekana na chai yenye tangawizi, atakurudishia jambo linalowezekana na kikombe kitupu. Alitoka na fundisho lililoifanya nchi yetu ijulikane duniani: Ridhaa ya Kudhaniwa. Mtu akiulizwa jambo lenye manufaa kwake, akanyamaza, sheria inadhani amekubali.

Hapo ndipo ilipoanza Siku ya Kimya. Kila muda wa Mtukufu unapokwisha, tunakusanyika uwanjani, tunakaa kwenye viti vyangu, na Spika anauliza mara moja tu, "Wananchi, kuna asiyeridhia?" Kisha tunanyamaza. Vipaza sauti vinawekwa mbele yetu sisi, siyo mbele yake, ili kimya chetu kirushwe moja kwa moja. Akina mama huwanyonyesha watoto kwa wakati mmoja. Baadaye bendi inapigwa, na Mtukufu anatushukuru kwa imani tuliyomwonyesha. Kimya cha kwanza kilipendeza mno hata redio ikakirudia kwa maombi ya wasikilizaji.

Mara ya mwisho, Sekela alikuwa uwanjani. Alikuwa mtu mzima sasa, muuguzi katika zahanati ya mtaani kwetu, mwanamke wa maneno machache. Spika aliuliza. Tukanyamaza. Na Sekela akasema, "Hapana."

Hakupiga kelele. Alilisema kama anavyomwambia mgonjwa kwamba dawa imekwisha. Lakini vipaza sauti vilikuwa mbele yetu, kwa hiyo neno lile lilikwenda nchi nzima. Spika aliinama akatazama chini ya meza. Bendi walikuwa na amri ya kupiga baada ya kimya, na kwa kuwa kimya kilikuwa kimekatika hawakujua wapige au wasipige, tarumbeta zikabaki midomoni. Nilimtazama Profesa kwenye kiti chake chenye mto. Alikuwa amegeuka nyuma kumtafuta mwenye sauti, na alipomwona, uso wake ukawa kama wa mtu aliyeitwa jina lake katika nchi ya ugeni.

Redio ilifanya kazi yake. Maprofesa walieleza. Mmoja alisema hapana ikisemwa mara moja ni pendekezo tu. Mwingine, mwenye heshima zake, alisema huenda ule ulikuwa mwisho wa sentensi ambayo mwanzo wake ulibaki moyoni mwa msemaji, na mwanzo huo huenda ulikuwa wa sifa. Tulielewa vizuri. Wakati huo Sekela alikuwa ameshachukuliwa.

Nisahihishe. Kwetu hakuna anayechukuliwa, wala hatuna mahabusu. Tuna Nyumba ya Wageni wa Dola, na sheria yake aliitunga Profesa mwenyewe, akiwa kijana, akitaka kuondoa mateso. Alifikiri mtu akiitwa mgeni atatendewa kama mgeni. Mtu akifuatana na askari bila kupinga kwa maandishi, inadhaniwa ameridhia kukaribishwa. Sekela alifungwa pingu, kwa hiyo hakuandika.

Kulipokucha Profesa alikuja kwangu kwa miguu. Gari lake la serikali lilikuwa limepelekwa matengenezo ghafla, pamoja na dereva. Aliniomba nimpeleke. Nilikuwa nimepakia viti vya mahafali, nikaenda hivyo hivyo.

Mama Sekela alitufuata mpaka garini. Alikuwa ameshika kichupa cha dawa ya kuvuta, kimefungwa kwenye kitambaa cheupe. Hakumpa mumewe hapo hapo.

"Baba Sekela," alisema, "usiende kufundisha. Nenda kaombe."

"Nitaomba."

"Niangalie. Sema tena ukiniangalia."

Profesa alimwangalia. "Nitaomba, Mama Sekela."

Ndipo akampa kile kitambaa. Njia nzima Profesa alikishika kwa mikono miwili, na kila tulipopita kwenye shimo alikiinua juu kidogo, kana kwamba ni yai.

Nyumba ya Wageni ina bustani nzuri. Mkuu wake, Kamishna Yoeli Msigala, alikuwa anakunywa uji. Alipomwona Profesa mlangoni aliruka, kiti kikaanguka.

"Shikamoo Mwalimu!"

"Marahaba. Kaa, Msigala."

Alikiokota kiti akakaa, macho yanamwaka furaha. Alituagizia chai. Alisema yeye alikuwa anakaa mstari wa mbele, karibu na dirisha, kama Mwalimu anakumbuka. Profesa akasema anakumbuka. Kisha akaweka kitambaa mezani na kukifungua.

"Nimemletea binti yangu dawa. Ana pumu. Vumbi likimpata, au akilala pasipo na hewa, kifua kinafunga."

Uso wa Kamishna ukaingia simanzi ya kweli. "Pole sana Mwalimu. Sana. Tatizo ni dogo tu. Mgeni hajalalamika."

"Atalalamikaje, na hamruhusu mtu kumwona?"

"Ndiyo maana hajalalamika, Mwalimu."

Nilimwona Profesa anavuta pumzi kuanza kuomba. Naapa alikuwa anaanza kuomba. Lakini Kamishna alikuwa ameshainuka tena, mikono nyuma, kifua mbele, kama walivyokuwa wakiitwa darasani kujibu.

"Ulitufundisha, Mwalimu," alisema, "mgeni anayetunzwa na dola asipolalamika, hudhaniwa ametosheka. Dhana hiyo haivunjwi na maneno ya ndugu zake, kwa sababu ndugu husema kwa huruma, na huruma siyo..."

Akakwama. Akatazama dari. Chumba kizima kikakwama naye, askari wa mlangoni pia, maana naye alikuwa amesoma cheti cha sheria.

"Siyo nini?" aliuliza Profesa kwa upole.

"Siyo... siyo ushahidi!"

"Sahihi," akasema Profesa.

Lilimtoka lenyewe. Maisha yake yote alikuwa amelisema neno lile kwa vijana waliokwama wakakwamuka, akilisema kwa upendo, na lilitoka hivyo hivyo, kwa upendo. Kamishna akatabasamu kama mtoto. Kisha wote wawili wakaelewa kilichotokea, na tabasamu likapotea.

"Msigala," Profesa alisema, na sauti ilikuwa imeshuka hata nikasogea kusikia, "mwanangu. Nakuomba."

"Unaomba kama mzazi, Mwalimu, au kama mwalimu?"

"Kama mzazi."

"Mzazi ni ndugu. Na Mwalimu ameshasema sahihi." Kamishna alikuwa analia. Sisemi kwa kumsingizia, machozi yalimtiririka mpaka kwenye nishani. "Unaona mwenyewe nilivyobanwa. Ningekuwa nimekosea, ningeweza kukusaidia."

Alitusindikiza mpaka garini, akamfungulia Profesa mlango, akamfunga na mkanda. Kichupa kilirudi kwenye kitambaa. Tulipokuwa tunageuza gari, nilisikia jirani yangu anasema kitu kwa sauti ya chini, akitua, akisema, akitua tena. Ulikuwa ule utangulizi. Aliusema akiwa ameelekeza uso kwenye madirisha ya jengo lile, na mimi, kwa ujinga wangu, nikazima injini ili kelele isimsumbue.

Alikwenda kwa Jaji Mkuu, aliyesimama, akaambiwa akae, akaeleza kwamba shauri lisingeweza kusikilizwa mpaka mgeni alete maombi kwa miguu yake mwenyewe. Alikwenda kwa Mtukufu Kiongozi, aliyesimama pia, ingawa magoti yanamsumbua, akamkumbatia na kumtunuku nishani ya Uvumilivu wa Daraja la Kwanza. Kila alipokwenda walimnukuu, na hawakukosea hata neno. Alikuwa amewafundisha vizuri mno. Nilimsubiri nje, na kila alipotoka nilijua kwa jinsi alivyokishika kitambaa.

Habari tulizipata redioni mchana, baada ya bei za mazao. Mtangazaji alisema mgeni wa dola, Bibi Sekela Mwalukasa, amehitimisha ukaaji wake, na kwamba katika kipindi chote hakutoa lalamiko lolote. Mama Sekela alikuwa uani anachambua mchele. Aliendelea kuchambua. Ungo ulikuwa umeshaisha mawe na makapi, na yeye bado anapitisha vidole, mpaka mke wangu alipokwenda kumshika mikono. Tangu saa ile hakusema tena na mtu.

Kwenye msiba nilipeleka viti vyote nilivyonavyo, maana serikali nzima ilikuja. Mtukufu alikuja, Jaji Mkuu alikuja, mawaziri, Kamishna Msigala na suti nyeusi. Walikaa chini ya turubai, mstari baada ya mstari. Sisi majirani, tusiosoma, tulikaa pembeni kwenye mikeka pamoja na akina mama.

Jeneza lilipotolewa ndani, Profesa alitoka nyuma yake. Serikali ikasimama.

Alikwenda mpaka mbele, pale ambapo siku zote hugeuka, huinua mkono mmoja na kusema kaeni. Aligeuka. Aliwatazama mmoja mmoja, kama anayeita mahudhurio. Mkono haukuinuka.

Mwanzoni tulidhani amesahau. Askofu akaanza ibada, akaimaliza, akairudia sehemu za katikati. Jua lilikuwa limelipita turubai na sasa linawapiga usoni. Mtukufu alianza kuhama mguu huu kwenda ule. Waziri mmoja alizimia, lakini alizimia wima, wenzake wamembana mabegani. Katibu wa itifaki alimsogelea Profesa akamnong'oneza kitu, na Profesa akamtazama tu, naye akarudi kinyumenyume akasimama mahali pake, maana naye alifundishwa.

Na sisi tulikuwa tumekaa. Ndicho ninachokikumbuka zaidi. Tangu nianze biashara hii sijawahi kuona serikali yote imesimama na wananchi wamekaa. Bibi mmoja karibu yangu alinyoosha miguu yake mkekani, polepole, kama anayejaribu kitanda kipya. Mungu anisamehe, nilitamani Profesa asiseme kaeni. Nilitamani wasimame mpaka mvua ya mwaka ujao iwanyeshee, kwa ajili ya yule mtoto. Nilikuwa na hasira ambayo sikujua ninayo, na ninakodisha viti, sikuumbwa kwa hasira.

Kisha Dokta Fulgensi alisogea kwenye kipaza sauti. Alikuwa msaidizi wa Profesa, mwanafunzi bora kuliko wote aliopata kuwafundisha. Profesa mwenyewe alikuwa akilisema hilo wazi. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mwalimu wangu hajasema kaeni," alisema. "Lakini, ndugu wafiwa, tukumbuke pia kwamba hajasema msikae. Ameulizwa na hali yetu hii, mbele ya umma, juu ya jambo lenye manufaa, naye amenyamaza. Alitufundisha sisi wote hapo sheria inafanya nini." Akamgeukia Profesa. "Mwalimu, asante kwa somo hili la mwisho. Waheshimiwa, ridhaa imedhaniwa. Tukae."

Wakakaa. Viti vyangu vyote vililia kwa pamoja.

Nilikuwa karibu, nikaona midomo ya Profesa inafunguka. Alisema, "Hapana." Alilisema kabisa, nililisikia, kwa ile sauti yake ndogo. Lakini kipaza sauti kilikuwa kwa Dokta Fulgensi, na bendi, ambayo safari hii ilikuwa na maelekezo mazuri, ilikuwa imeshaanza kupiga.

Tulimzika Sekela. Mtukufu alishukuru familia kwa ushirikiano. Magari yakaondoka, turubai likashushwa, na mimi nikaanza kukusanya viti.

Profesa alikuwa bado amesimama uani, palepale. Mama Sekela alikuwa kwenye mkeka, na kile kitambaa cheupe mapajani. Nilifanya kazi taratibu ili nisibamize vyuma.

"Mama Sekela," alisema Profesa. "Nilikwambia nitaomba."

Mama Sekela alikuwa anakikunja kitambaa. Alikikunja mara mbili, akakikunjua, akakinyoosha kwa kiganja.

"Nilitaka kuomba. Nilifungua mdomo ili niombe." Alingoja. "Umenisamehe?"

Mama Sekela akanyamaza. Sote tukanyamaza. Mahali fulani mtaa wa pili redio ilikuwa inamhoji Dokta Fulgensi, ambaye walimtaja sasa kama profesa.

Mimi ni raia mwema na ninaijua sheria ya nchi yangu. Ameulizwa, amenyamaza, basi amekubali. Nilimwonea furaha jirani yangu, nikachukua kiti kimoja chenye mto nikakipeleka nyuma ya magoti yake, nikamwambia, "Kaa, Profesa. Ameridhia."

Aligeuka akanitazama. Sijui nilisema kosa gani. Uso wake ulivunjika, akaanza kulia kwa sauti ambayo sikujua anayo, sauti kubwa, ambayo ingefika hata bila kipaza sauti. Lakini hakukaa. Alisimama akimtazama mkewe, akisubiri aambiwe.

Giza lilipoanza kuingia nilipakia vingine nikaondoka. Kile kimoja nilikiacha palepale, nyuma yake. Sijarudi kukichukua.